Oboth Akikimbia, Kijiji Huuliza Nani Amekufa

SOP SOP, Bukedi, Mei 1954

"Hupiti! Leo hupiti hata kidogo!"

Mama Awor amesimama katikati ya barabara ya vumbi, jembe amelilaza mbele yake mfano wa kizuizi cha forodha kule Busia. Mbele ya jembe yuko mwanamume mwenye rangi ya jivu kuanzia nywele mpaka kucha. Anakimbia papo hapo. Miguu inapanda na kushuka bila kwenda popote, kama jogoo aliyefungwa kamba.

"Mama, nikisimama misuli inakaza."

"Ikaze! Moyo wangu mimi umekaza mara ngapi?"

"Nilikuomba radhi, Mama."

"Uliomba radhi, halafu wiki haikwisha ukapita tena. Wewe unataka mimi nakufa mara ngapi?"

Maneno haya ya mwisho Mama Awor anayasema kwa Kiswahili alichojifunza akiuza wimbi, yaani ulezi, katika soko la Busia. Mpaka hapo ugomvi ulikuwa kwa Kidhopadhola, lugha ya hapa, lakini kando ya barabara limesimama lori la Zubairi, mfanyabiashara wa Busia aliyekuja kununua mihogo mikavu, na Mama Awor anataka Zubairi naye awe shahidi.

Zubairi hana haraka ya kutoa ushahidi. Ameegemea mlango wa lori, anatafuna muwa.

"Bwana Mbio," anasema, "leo umepatikana. Polisi wameshindwa, mama wa jembe ameweza."

Katika shamba la wimbi la jirani, wanawake waliokuwa wakipalilia wamesimama wima kusikiliza. Jua bado ni la asubuhi.

Mwanamume huyu wa jivu si mzimu wala mwendawazimu. Anaitwa Yowana Oboth. Ana miaka thelathini na kitu, ana mke na watoto watatu, na kazi yake ni kujaza saruji katika mifuko kwenye kiwanda cha Tororo, zamu ya usiku. Mshahara wake ni shilingi hamsini na kidogo kwa mwezi. Mara mbili au tatu kwa wiki, zamu ikiisha, hapandi gari wala baiskeli. Anakimbia kutoka kiwandani mpaka kwake Sop Sop, mwendo ambao watu wengine huuhesabia nusu ya siku.

Anajifunza marathoni. Hiyo ni mbio ya maili ishirini na sita na kipande, na mwezi ujao, katika sherehe za Siku ya Malkia, wakimbiaji wataanzia Lumino, wapite Busia, wapite msitu wa Busitema, na kumalizia uwanja wa Tororo. Watakuwapo polisi, makarani wa reli na walimu. Wengi wa hao wamepewa muda wa mazoezi na wakubwa wao. Oboth hana muda wa mazoezi ila njia ya kurudi nyumbani. Na njia hiyo inapita mbele ya mlango wa Mama Awor.

Kuna njia nyingine, ndiyo aliyoitumia zamani, lakini inapita kwenye kinamasi. Tangu mvua zianze, maji yake yanafika kiunoni. Kwa hiyo Mama Awor akiifunga barabara hii, mazoezi ya Oboth yamekwisha, na mbio yake pia.

Msomaji atauliza, kama wanavyouliza wote hapa: mtu mzima anakimbilia nini?

"Siku moja lori la wafanyakazi liliniacha," anasema Oboth. "Nilikuwa na hasira, nikaanza kukimbia. Kule kiwandani mashine inapiga kelele usiku kucha. Ukitoka, kelele inatoka na wewe. Unakula nayo, unalala nayo. Siku ile, nilipofika kilima cha tatu, nikashtuka. Masikio yamenyamaza. Nilisikia ndege. Tangu siku hiyo nakimbia."

Mkewe Amoit, Mteso wa upande wa Malaba, hana maelezo marefu kama hayo.

"Wanaume wengine wakitoka kazini wanakunywa pombe ya wimbi," anasema. "Huyu anakunywa barabara. Nafuu yangu ni kwamba barabara haimrudishi akiimba matusi."

Kazi ya Amoit katika marathoni hii si ndogo. Nguo za saruji haziloweshwi hivi hivi, maana zikishika maji zinakuwa ubao. Yeye huzitundika, huzichapa kwa fimbo mpaka vumbi liishe, ndipo huzifua. Kisha kuna chungu cha uji wa wimbi wenye ukwaju, ambao huachwa upoe tangu jioni, na karanga za kukaanga. Mwezi wa karanga chache, watoto hupewa kwanza. Oboth mwenyewe alikubali hivyo, na ni vyema, kwa sababu Amoit hakuwa akimwomba ruhusa.

Sasa tuje kwenye ugomvi.

Katika vijiji hivi mtu mzima hakimbii bila sababu. Asubuhi mapema, sababu ni mbili tu: anafukuzwa, au anapeleka habari ya kifo. Na mtu aliyepakaa majivu mwili mzima, anayekimbia bila kusema neno, haulizwi. Wanawake huanza kulia kabla hajafika.

Mama Awor ana wana wawili. Ni sahihi zaidi kusema alikuwa nao. Mkubwa alikwenda vitani Burma na hakurudi. Mdogo, Othieno, ni askari wa Keya, jeshi la Mwingereza, na sasa yuko Kenya katika misitu, tangu Hali ya Hatari ilipotangazwa. Mama yeyote mwenye mtoto mahali kama hapo anajua jinsi anavyoitazama barabara kila asubuhi. Haihitaji kuelezwa.

Mwezi wa Machi, Oboth alipita hapa kwa mara ya kwanza, amejaa saruji, anahema. Mama Awor alikuwa akipepeta wimbi. Aliutupa ungo akapiga ukelele. Majirani walikuja mbio. Oboth alikuwa amekwisha kupinda kona. Masikio yake yalijaa pumzi yake mwenyewe, hakusikia kitu. Alifika kwake, akanywa uji, akalala.

Nyuma yake matanga yalianza. Wanaume walileta viti. Wanawake walilia mpaka sauti zikakauka. Mtu alitumwa kwa chifu wa gombolola, yaani wa tarafa, kuuliza mwili wa Othieno utaletwa lini. Mchana Oboth aliamshwa na vilio. Alichukua kiti chake, kama jirani mwema, akaenda kulia na wenzake. Yeye na Othieno walikua pamoja, walichunga pamoja.

"Nililia sana," anasema Oboth, na hata sasa hajui acheke au afiche uso. "Nililia kuwashinda watu wa ukoo. Halafu mzee mmoja akauliza, jamani, habari hii imeletwa na nani? Mama akasema, imeletwa na mtu wa jivu, amepita anakimbia. Nikaacha kulia. Nikatazama miguu yangu."

Mama Awor hakucheka siku ile. Mpaka leo hacheki.

Mtu mwenye akili za kawaida atauliza kwa nini Oboth asioge kiwandani. Swali hilo aliulizwa, na jibu analo. Alijaribu. Alikaa foleni ya bomba, akaoga, akavua shati lenye vumbi akalifunga kiunoni, akakimbia akiwa kifua wazi, mwili unang'aa kwa maji. Kabla hajafika nusu ya njia, kijiji kizima kilikuwa nyuma yake na marungu. Waliamini ameiba mahali fulani.

"Hayo ndiyo mazoezi mazuri kuliko yote niliyofanya," anasema. "Nikiwa na vumbi, mimi ni msiba. Nikiwa safi, mimi ni mwizi. Bora msiba, maana msiba haupigwi."

Kasi anayo. Lililomshinda ni kuitunza. Mwaka jana, kutoka Lumino mpaka Busia, hakuna aliyemwona ila mgongo. Alipita kizuizi cha forodha peke yake, watu wa pande zote mbili za mpaka wanashangilia. Kwenye msitu wa Busitema miguu ilikataa. Alilala kwenye nyasi, na lori lililomwokota lilikuwa hili hili la Zubairi. Aliingia uwanja wa Tororo juu ya magunia ya mihogo, mbele ya watu wote. Amoit alikuwa amesimama penye utepe na chupa ya uji.

"Uji niliunywa mwenyewe," anasema Amoit. "Nilikuwa nimesimama tangu asubuhi."

Koplo mmoja wa polisi, aliyemaliza wa pili, alimfuata Oboth baadaye akamwambia: "Wewe unamaliza mbio Busia, halafu ndipo unaanza kuitafuta Tororo." Oboth aliona ni wivu. Aliendelea kukimbia kama anavyojua, kwa nguvu zote, mpaka pumzi iishe.

Ndivyo alivyokuwa akikimbia asubuhi hii, jembe lilipolazwa barabarani.

"Tembea basi," Zubairi anashauri. "Ukifika hapa, tembea kidogo, umsalimie mama, halafu endelea. Kwani salamu inauzwa?"

"Nikitembea kwenye kilima hiki, siku ya mbio nitatembea kwenye kila kilima," anasema Oboth. Bado miguu inapanda na kushuka. "Mama, hiki ndicho kilima kirefu kuliko vyote. Ukininyima hiki, nitajifunzia wapi?"

"Kajifunzie kwa mama mwingine. Ambaye watoto wake wako nyumbani."

Hapo Oboth anasimama. Miguu inatulia kwa mara ya kwanza. Wanawake shambani wanatazamana. Hata Zubairi anaacha kutafuna.

"Mama Awor," anasema Oboth polepole, "mimi na Othieno tulichunga pamoja. Mimi siwezi kukuletea habari ile nikiwa nakimbia. Ningekuja nikitambaa."

Mama Awor anamtazama. Anajifuta uso kwa ncha ya gomesi, gauni lake refu.

"Wewe hujui," anasema, na sauti imeshuka. "Yule wa kwanza, yule wa Burma. Aliyeleta habari alitoka kwa chifu. Nilimwona tangu kule chini kwenye kijito. Nikamwita, wewe, kuna nini? Kimya. Nikamwita tena. Kimya, anakuja tu. Nilisikia miguu yake mpaka hapa uani. Hicho ndicho kinaniua mimi. Si majivu. Ni miguu inakuja na mdomo umefunga."

Mama Awor anaokota jembe lake na kukung'uta udongo, kama mtu anayefikiri kwa mikono.

"Mleta msiba haimbi," anasema ghafla. "Umewahi kuona mleta msiba anaimba?"

"Sijaona."

"Basi imba. Ukitaka kupita kwangu, imba. Nikusikie tangu kijitoni."

Wanawake shambani wanaangua kicheko. Oboth ameshika kiuno.

"Mama, kilima hiki na wimbo? Nikiimba pumzi inakwisha."

"Basi punguza mbio," anasema Zubairi, kwa wepesi wa mtu anayejua gari. "Mimi nikiwa na mzigo, kilima napanda na gia ndogo. Nafika. Wale wa gia kubwa ndio nawakuta wamefungua boneti. Wewe mwenyewe nilikuokota wapi?"

Oboth anatazama kilima chini mpaka kwenye kijito, halafu anatazama upande wa Busitema, ingawa kutoka hapa msitu hauonekani.

"Koplo alisema hivyo hivyo," anasema hatimaye.

"Koplo ana akili," anasema Zubairi.

"Sijui wimbo wowote ila ule wa palizi, wa mama yangu."

"Huo huo!" anapaza sauti mwanamke mmoja kutoka shambani. "Sisi tutakuitikia. Lakini ukikosea, tunakucheka."

Alipoulizwa na mwandishi siku chache nyuma anatarajia nini mwezi ujao, Oboth hakutaja kombe, wala safari ya Kampala ambayo wa mbele wameahidiwa. "Nataka Amoit anione naingia uwanjani kwa miguu yangu," alisema. "Nataka uji ule niunywe mimi."

Sasa ametoka usiku mzima wa kujaza mifuko, kilima hiki amekwisha kukipanda, na nyumbani si mbali. Anageuka. Anashuka barabara mpaka kijitoni, mdogo zaidi kila hatua, mpaka anakuwa doa la kijivu kati ya matete.

Mama Awor anarudi shambani kwake. Anainama na kuanza kupalilia, mgongo ameupa barabara. Lakini jembe linakwenda polepole, na baada ya kila pigo linasubiri.

Kisha sauti inakuja. Ni mbaya. Inapanda pasipopandwa na kukatika kila anapovuta pumzi. Ni wimbo wa mume mvivu ambaye jembe lake limeota kutu, na mkewe anampikia kutu hiyo hiyo. Wanawake wanaitikia huku wanacheka. Oboth anapanda polepole, hatua fupi fupi, kila hatua na neno lake, na kwa mara ya kwanza anafika juu ya kilima bila kuhema.

Anapita mbele ya mlango. Vumbi lake la saruji linaangukia majani ya wimbi pembeni mwa njia.

Mama Awor hainui uso. Jembe lake limekwisha kushika mwendo wa wimbo.