Waya Niliowasingizia Ng'ombe

Miaka ya tisini nilikuwa fundi pekee wa kompyuta ofisini kwetu Ifakara, na kichwa kilikuwa kimenivimba. Mafaili ya kompyuta kuu yalitakiwa yapitie kompyuta mbili za kati, moja ikiipokeza nyingine, hadi kompyuta ya akiba iliyokuwa stoo, ng'ambo ya uwanja. Nikaziunganisha. Hakuna faili lililofika.

Badala ya kukagua kazi yangu, niliona alama za kwato juu ya mtaro tuliofukia waya wa kwenda stoo, nikakimbilia kwa mkuu wa ofisi. "Ng'ombe wa Mzee Luhende wamekata waya!"

Mzee wa watu, mfugaji wa Kisukuma, akaitwa. Alikuja na jembe lake. Hata shikamoo sikumpa. Akafukua mtaro mzima wafanyakazi wote wakitazama. Waya haukuwa na hata mchubuko.

"Hebu eleza ulivyozipanga," mkuu akasema.

"Ya kwanza inaipelekea ya pili. Ya pili nimeielekeza..." Nikazihesabu tena kwa vidole. "Nimeielekeza kwa ya kwanza."

"Yaani zinarudishiana tu?"

Nikainamisha kichwa.

Mzee Luhende akajifuta jasho. "Sasa, mwanangu, ng'ombe wangu wameingiaje hapo?"