Salamu Niliyoijibu Yote

Kwetu Usukumani salamu haiishii kwenye shikamoo. Mtu akikufikia nyumbani mchana anasema "mwadila", kisha anauliza ng'ombe, mvua, mke, na watoto mmoja mmoja, wako wapi na wanafanya nini. Ukimjibu kwa mkato ni kama umemfukuza. Nililelewa hivyo Tinde, na nilipohamia Ngokolo uzeeni nilikuja na tabia hiyo. Mke wangu alikuwa akinicheka.

"Wewe ukisalimiwa unaeleza mpaka ndama aliyekufa enzi za baba yako."

Mjukuu wetu, binti wa marehemu mwanangu, alisoma sheria. Akapata nafasi ya mafunzo kwa vitendo katika mahakama moja ya kimataifa ya jinai, huko Ulaya, inayohukumu watu walioamuru vijiji vizima viteketezwe. Vijana wa nchi nyingi waliiomba nafasi hiyo. Nilitembea Ngokolo kama vile niliyeteuliwa ni mimi. Kwenye kijiwe cha kahawa wakaniita Babu wa Mahakama, na niliitika.

Kazi yake ilikuwa kusikiliza ushahidi uliorekodiwa kwa Kiswahili na kuangalia kama maandishi yake yako sawa. Alikuwa ameapa kutunza siri. Lakini alikuwa mpweke kwenye baridi ile, na siku moja alipiga simu sauti ikiwa imemkauka.

"Guku," alisema, maana ndivyo tunavyomwita babu, "leo kuna mama nimemsikiliza nikashindwa kula. Alikimbia vita akavuka kuja kwetu, sasa anakaanga samaki stendi ya Chato. Chato yetu hiyo hiyo! Walimkata vidole vya mkono wa kushoto. Wakijua kuwa ni yeye aliyesema, watammaliza. Usimwambie mtu."

"Nimwambie nani mimi?"

Mgeni alikuja kiangazi, viatu vyake vimejaa vumbi jekundu la Geita. Alisema ananunua dhahabu kwenye maduara, yale mashimo ya wachimbaji wadogo, na sasa anatafuta kiwanja Ngokolo. Aliinama vizuri akasema "mwadila, baba", kwa lafudhi ambayo haikuwa ya kwetu. Nilifurahi kuona mgeni aliyejifunza adabu zetu. Nikampa kiti na maji.

"Ng'ombe hawajambo?"

"Wapo wachache, Tinde."

"Na mama?"

"Huyo jikoni, anakupikia."

"Na yule mjukuu wa mahakamani Ulaya, kazi inamwendeaje?"

"Inamchosha. Anasikiliza mambo mazito."

"Mambo ya mbali hayo, baba. Hayatuhusu."

"Mbali gani! Hata hapo Chato..."

Nikamjibu kama nilivyofundishwa kumjibu mgeni, bila kubakiza. Stendi, samaki, vidole. Hakushangaa hata kidogo. Aliiweka bilauri chini taratibu, akasema, "Pole yake mama huyo," akainuka.

Mke wangu alitoka na ugali akakuta kiti kitupu.

"Ameondoka bila kula? Na kiwanja?"

"Hakukiulizia tena."

"Ulikuwa unamweleza habari za mjukuu. Ulianza wewe?"

"Aliuliza mwenyewe."

"Alijuaje kama tuna mjukuu huko?"

Ugali ulipoa pale nje, na hakuna aliyeugusa.

Ilinipasa kumpigia mjukuu simu saa ile ile. Lakini nilijua nikimwambia, naye itambidi awaambie wakubwa wake, na nafasi yake itakuwa imekwisha. Nikajisemea labda mtu yule alisikia kwenye kahawa tu, labda kweli ni mnunuzi wa dhahabu. Nikasubiri amalize mafunzo apate cheti chake. Sikusubiri kwa sababu ya cheti peke yake. Nilipenda kuitwa Babu wa Mahakama.

Kila simu ilipolia mke wangu alinitazama. Mwisho alisema neno moja tu: "Huyo mama wa Chato naye ana wajukuu?"

Nikapiga.

"Guku, umemwambia habari za vidole?"

"Nimemwambia."

"Na stendi?"

"Na stendi."

Akasema, kwa heshima ile ile ya siku zote, "Kosa la kwanza ni langu. Ngoja niende nikawaambie. Msimuulize mtu yeyote, Guku. Tafadhali."

Alirudi Ngokolo kabla ya masika, bila cheti. Aliniamkia, akanipokea fimbo, akanitengea chakula. Habari za mama yule hakuambiwa, na kama aliambiwa, mimi hakuniambia. Siwezi kumlaumu.

Nikapanda basi kwenda Chato. Nilijiapiza kwamba sitauliza neno, nitatazama tu. Pale stendi nilikaa kwenye benchi la mama mmoja anayekaanga sato. Kando yake palikuwa na jiko baridi, na karai limefunikwa juu yake.

"Mwadila, baba. Mmetoka wapi? Mama hajambo? Watoto?"

"Salama," nikasema. Salama tu.

Alinitazama kwa mshangao, kisha akaendelea mwenyewe, maana kimya cha mgeni kinaumiza. "Nahangaika peke yangu. Mwenzangu wa jiko hilo haonekani siku hizi. Gari lilikuja asubuhi akapanda, hata karai hakuchukua. Wanasema ni ndugu zake walimfuata."

Gari la nani, la mahakama au la wale wengine? Lilikuwa na watu gani? Waliovaa viatu vya namna gani? Maswali yalinijaa kinywani. Lakini mtu anayefika stendi ya Chato akimuulizia mama yule, mimi namjua ni mtu wa namna gani.

"Nikuwekee na pilipili, baba?"

"Weka," nikasema, nikala nikiwa nimeligeuzia mgongo lile karai.