Amina ya Ng'ambo ya Njia

Dereva wa bodaboda aliniuliza naenda kwa nani, nikamjibu bila kufikiri kwamba naenda kwa bibi. Akapunguza mwendo, akatazama mbele, nami nikatazama. Hapakuwa na nyumba. Palikuwa na majani yaliyonifika kiunoni, na katikati yake jiwe pana jeusi lililokuwa la mlangoni kwetu. "Dada, hapa hakai mtu," akasema. Kisha akayaangalia mawingu yaliyokuwa yanajikusanya upande wa bonde, akageuza pikipiki na kuondoka kabla sijamwambia kama anisubiri au la.

Ulikuwa mwezi wa kumi na moja, mwezi wa kuwaombea marehemu. Asubuhi nilikuwa Sumbawanga mjini, nimeng'oa majani kwenye kaburi la bibi na kuwasha mshumaa ambao upepo wa kwetu haukuuacha hata nimalize Baba Yetu. Ningeweza kurudi nyumba ya wageni nikanywa chai yangu kwa amani. Lakini radi ilinguruma mbali, na mtu aliyekulia Ufipa akisikia radi ya kwanza ya msimu, moyo wake hurudi nyumbani kuhesabu watoto. Nikajikuta nimepanda pikipiki kuja huku upande wa Mollo, mahali nilipokuwa sijakanyaga tangu nilipokuwa msichana mdogo.

Sikia, rafiki yangu, nikueleze kwanza kuhusu bibi, ndipo utaelewa kwa nini jiwe lile lilinitia baridi.

Mama yangu alikuwa ametangulia na baba alikuwa fundi huko mjini, kwa hiyo mimi na kaka yangu tulilelewa na bibi. Hakuwa mtu wa kanisani kuliko wengine. Siku za Misa alisinzia kwenye mahubiri kama wazee wote, tena kwa kukoroma. Ibada yake kubwa ilikuwa jioni, pale juu ya jiwe, ugali wa ulezi ukiwa umeshaepuliwa, mweusi, unafuka moshi, na harufu ya maharage ikitutoa udenda. Hakuna aliyeruhusiwa kugusa chakula kabla ya kutoa shukrani ya siku. Tulitoka nje na kusimama mlangoni, nyuso zetu njiani, kwa sababu bibi alisema jikoni kuna moshi na yeye hataki Mungu apige chafya akisikiliza.

"Haya wewe, leo una nini?" angeniuliza.

Usithubutu kujibu afya na uzima. Hizo, alisema, ni za padri, ameshazisema asubuhi. Yeye alitaka kitu cha leo, kidogo, ulichokiona kwa macho yako mwenyewe. Kaka yangu alishukuru kwa kuku aliyekuwa anataga kwa siri kwenye majani na leo akafumaniwa. Mimi nilishukuru kwa viazi vitamu vilivyobaki vya moto kwenye jivu. Bibi naye akafunga: "Asante, Bwana, goti leo limeniuma kwa adabu. Asante kwa samaki huyu, mgebuka wa ziwani, aliyepanda milima yote kutoka Kipili akafika kwetu na kichwa chake." Tukacheka, na yeye akacheka, maana hakuona kosa kumchekea Mungu.

Na kutoka ng'ambo ya njia, jikoni kwa jirani, sauti ya mwanamke ingejibu: "Aminaaa!" Alikuwa mke wa jirani yetu. Jikoni kwake na mlangoni kwetu palitazamana, njia tu katikati, na kwenye nchi yetu isiyo na miti kuni hazipatikani kwa urahisi, kwa hiyo yeye na bibi walikuwa wakiombana moto karibu kila siku. Yule aliyekuwa na kaa jekundu alimpa mwenzake kwenye kigae. Amina yake aliivuta mpaka ng'ombe wakageuza shingo, nasi hatukuketi kula kabla hatujaisikia.

Mwanzoni shughuli hiyo ilinikera kwa sababu ya njaa. Baadaye macho yangu yakabadilika. Nikienda kisimani asubuhi, au tukimsaidia bibi kugeuza majani na kuyafukia kwenye matuta yale ya duara, ambayo msimu unaofuata hutawanywa na kupandwa ulezi, nilikuwa natafuta kitu cha kusema jioni. Nilianza kuona vitu. Umande kwenye uzi wa buibui, harufu ya udongo unaopinduliwa, jembe linapokosa jiwe kwa upana wa kidole. Siku ikiisha nilikuwa na vingi kuliko nafasi. Sijawahi tena kuwa na furaha ya namna ile, na nimejaribu sana.

Lakini bibi alikuwa na desturi nyingine, na hiyo ndiyo iliyotuponza. Kila Jumapili ya Matawi alirudi na tawi la mkindu lililobarikiwa, akalichomeka juu ya msalaba ukutani likakauka. Radi ikianza, alituita ndani, akakata kipande cha jani lile akakitia motoni, na moshi wake ukapenya kwenye nyasi za paa kwenda juu. Ilikuwa kinga ya nyumba. Wakatoliki wengi wa zamani walifanya hivyo, ila kufikia wakati ule kijijini kwetu alikuwa amebaki yeye.

Mwaka ule mvua zilianza vibaya. Mawingu yalikuja kila mchana, yakanguruma, yakaondoka bila tone. Watu wakawa wanatazama juu na kunyamaza. Alasiri moja tulikuwa kwenye matuta, bibi akainua kichwa, akanusa upepo, akatuambia tutupe majembe tukimbie. Tukaingia. Akatia jani motoni, moshi ukapanda. Haukupita muda wa kumaliza Salamu Maria moja, nyumba nzima ikawa nyeupe na mlio ukapasuka kama gogo kavu limechanwa ndani ya masikio yetu.

Ilikuwa imepiga ng'ambo ya njia. Maksai wa jirani, wale wawili aliowafundisha kulima mwenyewe, walikuwa wamelala kando ya zizi miguu imenyooka. Mvua ilipokatika bibi alikuwa wa kwanza kuvuka kwenda kutoa pole. Alilia, nilimwona. Watu wakaendelea kuja, na harufu ya manyoya yaliyoungua ikakaa hewani pamoja na harufu ya udongo uliolowa. Jioni ikafika, bibi akarudi kusonga ugali. Nilidhani siku hiyo ataacha.

Hakuacha. Akatusimamisha juu ya jiwe, akasema kwa sauti yake ya kila siku, "Asante, Bwana, watoto walikuwa ndani."

Tukasubiri Amina. Haikuja. Jirani alikuwa amesimama kando ya maksai wake, akageuka, akatutazama muda mrefu. Hakupiga kelele. Aliwaambia waliokuja kumpa pole, kwa sauti ya mtu anayeeleza jambo lililo wazi, "Moshi umetoka kwake, radi imekuja kwangu. Na sasa anashukuru." Vichwa vyote vikageuka kuelekea mlangoni kwetu, na ugali ule sikuweza kuumeza.

Tangu siku hiyo hakuna aliyekuja kuomba moto. Shikamoo aliyoamkiwa bibi ikawa ya kutemwa haraka huku mtu anapita. Kisimani wanawake walinyamaza nikifika. Wakaanza kuyazungumzia macho yake mekundu, kana kwamba kuna bibi wa Ufipa aliyepikia mabua na samadi kavu maisha yake yote akabaki na macho meupe. Nikaogopa, rafiki yangu. Niliogopa mpaka nikawa naota mchana. Nilijua bila kuambiwa kwamba wazee wa namna hiyo hupotea, na kwamba watu wazima wakiulizwa huzungumzia mambo mengine.

Katekista alikuja, akakalia kigoda, akanywa togwa polepole akitafuta pa kuanzia. Mwishowe akamwambia bibi ashukuru ndani, kimya kimya, mpaka mambo yapoe.

"Mwalimu," bibi akamjibu, "nikishukuru kwa kunong'ona, watauliza nanong'ona nini. Nikinyamaza, watasema nimekiri."

Katekista akamaliza togwa yake, akaaga.

Halafu ikasemwa kwamba kamchape wataitwa baada ya mavuno. Kama huwajui, ni wale watu wanaopita nyumba kwa nyumba wakidai wananusa uchawi, na nyumba watakayoinyooshea kidole, mwenyewe hana tena usalama. Asubuhi moja tukafungua mlango tukakuta majivu yamemwagwa mstari mmoja juu ya jiwe, kutoka ukingo hadi ukingo. Ni alama iliyowekwa ili kila mpita njia ajue nyumba inayongojewa. Bibi akachukua ufagio akayafagia. Jioni akasema, "Asante, Bwana, ufagio wangu bado mzima." Kaka yangu akacheka peke yake.

Baba alikuja na gari la kuazima. Alimwambia mbele yetu, "Mama, watakuua," na bibi badala ya kumjibu akauliza nani atavuna ulezi wake. Baba akalia. Sikuwa nimewahi kumwona baba yangu akilia, na hilo likamaliza mabishano. Tukafunga vyombo, gari liondoke alfajiri.

Jioni ile ya mwisho bibi alipanda juu ya jiwe akiwa amevaa kitenge chake cha kanisani. Hakutuuliza tuna nini. Alisema, "Asante, Bwana, kwa jirani zangu. Moto wao uliwasha jiko langu, na wangu uliwasha lao." Kisha akasimama, akasubiri. Mke wa jirani alikuwa amesimama kwenye mlango wa jiko lake na mwiko mkononi. Niliona mdomo wake ukifunguka. Mumewe akamwambia kutoka ndani, "Ingia." Akaingia, na mlango ukafungwa. Bibi alisubiri bado, mpaka ugali ukapoa.

Mjini tulipanga chumba kwenye nyumba ya watu wengi, kuta nyembamba. Bibi alianza kushukuru kwa sauti ya chini, amekaa kitandani, uso ukutani. Baadaye ikawa midomo tu. Aliendelea kuniuliza nina nini, lakini alinivuta nikajibu sikioni kwake, na mara nyingine alinifunika mdomo kwa kiganja kabla sijamaliza. Ulezi wake haujavunwa, tukaletewa habari kwamba nyumba imeungua. Walisema ni moto wa kuchoma majani. Ulikuwa moto wa ajabu, ulipita kijiji kizima ukachagua nyumba moja. Bibi alifariki kitandani, kwa uzee, na baba alisema tushukuru kwa hilo. Tulishukuru, kila mtu moyoni mwake.

Mimi bado nashukuru kila jioni huko ninakoishi, nikiosha vyombo. Nina mwanga wa umeme, nina jirani upande huu na upande ule, na sijui hata mmoja wao anapika nini. Nikipata kitu kizuri cha siku nakisema kimoyomoyo, kinanitosha kulalia. Ila njaa yangu ni ya kukisema kwa sauti, nje, na mtu asiye wa ukoo wangu akanijibu kutoka jikoni kwake. Hicho sijakipata popote nilipokaa, na nina hasira na waliokiua, wakiwa hai au wamekufa.

Ndiyo maana, juzi, nilipanda juu ya lile jiwe. Radi ilikuwa imesogea, upepo umelaza majani. Nikasema kwa sauti, "Asante, Bwana, jiwe la bibi bado lipo."

Nikatazama ng'ambo ya njia. Jirani nilishasikia amekufa zamani. Nyumba yake sasa ina bati, na bati lenyewe limeshika kutu. Mlango ulikuwa umefungwa japo giza lilikuwa halijaingia, lakini moshi mwembamba ulitoka chini ya paa, kwa hiyo mtu alikuwemo. Nikavuka. Ndipo nikaona kizingiti. Majivu yalikuwa yamemwagwa mstari mmoja, kutoka ukingo hadi ukingo.

Nikang'oa majani nikayafunga fungu, nikainama nianze kufagia.

"Acha, mwanangu," sauti ikasema ndani, karibu sana, nyuma ya mbao. "Wakikuta pamefagiwa, watauliza nani amekuja kunisaidia."

Nikaijua sauti, ingawa ilikuwa imechakaa. "Shikamoo, mama," nikasema.

"Marahaba. Nimekusikia ukishukuru. Ni sauti yake kabisa." Akapumua kwa shida. Niliweza kuona kwenye upenyo wa mlango jicho moja, jekundu kwa moshi. "Bibi yako alisubiri siku ile. Nilikuwa ndani, namsikia anavyosubiri." Kisha akaendelea, lakini hakuwa anazungumza na mimi. "Asante, Bwana. Leo nimeamkiwa."

Nilitaka kuivuta mpaka ng'ombe wageuze shingo. Niliinama, nikaweka mdomo kwenye upenyo wa mlango, nikamjibu Amina kwa sauti ndogo ambayo bibi asingeikubali kamwe. Tone la kwanza la mvua likanipiga kisogoni. Nilipogeuka, watu wawili walikuwa wamesimama njiani, wanatutazama.