Fahali Niliyemuua Redioni

Nilipokuwa darasa la sita, kwetu karibu na Iguhu, kazi yangu ya Jumamosi alasiri ilikuwa kumtafsiria kukhu redio. Kukhu ni nyanya yangu, mama yake baba. Kulikuwa na mchezo wa kuigiza wa Kiingereza uliotolewa katika kitabu cha zamani cha watoto: msichana amepotelea nchi ya wanyama wanaoongea, na dubu mzee anamsindikiza kutafuta njia ya kurudi kwao. Kukhu hakujua Kiingereza hata cha kuombea maji. Mimi nilikijua nusu, na nusu nyingine nilijaza mwenyewe.

Dubu ndiye aliyenishinda. Nani kwetu aliwahi kumwona dubu? Nikamfanya fahali. Sauti yake ilikuwa nzito, na Ikolomani yetu nzima inapenda fahali wa kupigana, kwa hiyo sikuona kosa. Kukhu alimpenda papo hapo. Akiisikia tu ile sauti aliacha kubambua njugu, akamwambia jirani yetu, mama aliyekuja kila wiki na kigoda chake, "Nyamaza, mzee anaongea."

Mimi nina hasira za karibu, sifichi. Jumamosi moja kukhu alinituma kisimani mara mbili, nikarudi mchezo umeshaanza na shingo inaniuma. Nikaketi nimenuna. Siku hiyo dubu hakusikika kabisa.

"Mke mwenzangu," kukhu akauliza, kama alivyoniita kwa utani, "mzee yuko wapi leo?"

"Amekufa."

Jirani akashika kichwa. Kukhu akataka kujua kama alizikwa vizuri. Nikasema vizuri sana, mafahali wenzake waliletwa matangani wakapigana, kama tunavyomfanyia mzee wa maana. Kukhu na jirani walilia kweli kweli. Nami, naona haya kusema, niliona raha.

Wiki iliyofuata, katikati ya mchezo, ile sauti nzito ikaanza kuongea. Kukhu akaweka njugu chini. "Huyu si ndiye uliyemzika?"

Jirani alicheka mpaka akaanguka kutoka kigodani. Nikakiri yote, hata habari za dubu. Sikuchapwa. Kukhu alisema tu kwamba nikimdanganya tena, atamwita binamu yangu aliyesoma sekondari Butere aje atafsiri badala yangu. Hiyo iliniuma kuliko kiboko, maana wajukuu tulikuwa kumi na mmoja, na saa ile moja ndiyo pekee ambayo kukhu alikuwa wangu.

Basi nikatafsiri kwa uaminifu mpaka kipindi cha mwisho. Msichana amefika mlangoni pa kwao. Dubu amelala nje kwenye baridi, anamwambia aingie wala asitazame nyuma. Pumzi yake ikasikika, ikapungua, halafu muziki.

"Mzee anasemaje?"

Ningeweza kusema amepona, tukala njugu zetu kwa amani. Nilijua pia kwamba nikisema kweli hataniamini, na kazi itaenda Butere.

"Amekufa, kukhu."

Akanigeukia polepole. "Leo umekasirika na nani?"

"Sijakasirika na mtu," nikasema, na machozi yakanishinda hapo hapo mbele ya jirani.

Kukhu aliniangalia usoni. Kisha akazima redio, akanivuta kando yake.

"Haya, sasa tumlilie vizuri," akasema. "Mara ya kwanza tulimlilia bure."