Muhuri wa Mama Mtendaji

Kwa mama mtendaji wa kata, hakuna karatasi ndogo. Kila inayomfikia huupulizia muhuri pumzi mara mbili, kisha huigonga: IMEPOKELEWA. Hata barua tatu za kumnyima ufadhili wa shahada ya uzamili ya sera za umma alizigonga hivyo hivyo. Leo alipanda kichuguu cha nyuma ya ofisi kutafuta mtandao, akashuka mbio, kiatu kimoja kimebaki juu, anacheka huku machozi yanamtoka. “Ada, nauli, posho! Vyote wanalipa!” Karatasi hakuwa nayo; akaupulizia muhuri, akagonga kioo cha simu. Ngusa, mfugaji aliyengoja kibali cha kuhamisha ng'ombe tangu asubuhi, aliusoma ule wino polepole. “Hongera, mama. Imepokelewa kweli. Ila usiondoke kabla ya ng'ombe wangu.”