Fungu la Mgeni

Enzi zetu, mtu hakuulizwa anatoka wapi kabla hajaulizwa kama amekula. Ninyi mliokulia kwenye miteremko ya Embu, miaka ile ya viatu vya kuvaliwa Krismasi peke yake, mnanielewa. Ninyi wengine, hasa mnaopiga chakula picha mpaka kinapoa, vumilieni kidogo mama yenu azungumze.

Nililelewa na Cucu, mama mzaa baba, kule juu upande wa Runyenjes, kwenye majani chai na migomba. Tulikuwa wasichana wawili: mimi Wawira, na binamu yangu Igoki, aliyenizidi miaka miwili kwa umri na kumi kwa ujanja. Kila siku Cucu akimaliza kuponda mukimo wa ndizi na mbaazi, mwiko wa kwanza haukuwa wetu. Aliujaza kwenye nusu ya kibuyu, akafunika kwa jani la mgomba na kuuweka kwenye dari ya jikoni, pale juu ya moto tulipokaushia kuni. Hilo lilikuwa fungu la mgeni. Mgeni gani? Yeyote ambaye angepita. Hata shambani mpita njia alikuwa na haki yake. Akiona ndizi mbivu na ana njaa, alikula palepale na kuacha maganda chini ya mgomba, mradi asibebe hata moja. Aliyekula alikuwa mgeni, aliyebeba alikuwa mwizi. Hakuna aliyehitaji kuandikiwa sheria hiyo ukutani.

Sasa, jua likizama bila mtu kubisha, fungu lilikuwa letu sisi watoto, na hapo ndipo maneno yalipoanzia. Mukimo ule ulikaa juu ya moshi mchana kutwa. Ulikauka pembeni, ukanukia kuni, ukawa mtamu kuliko ule tuliopakuliwa sahanini. Kwa hiyo mimi na Igoki tukawa maadui wa barabara. Kila jioni tulipanda juu ya jiwe la langoni tukafumba macho, na Igoki, aliyekuwa darasa la ubatizo, alituongoza kwa sala aliyoitunga mwenyewe: "Bwana, uwapitishe wageni njia ile nyingine. Amina."

Si kwamba hatukufunzwa. Cucu alikuwa na hadithi moja aliyotusimulia akichochea moto, mpaka tukaijua kama jina letu. Palikuwa na mwanamke ambaye kila akiona mtu anapanda mlima, hufunika chungu na kusema, "Pole, moto umezima." Akasema hivyo siku nyingi mpaka moto wenyewe ukamwamini. Asubuhi moja aliamka akakuta majivu matupu, akapuliza mpaka mashavu yakamuuma. Zamani hizo kiberiti hakikuwepo. Moto uliombwa kwa jirani na kubebwa kwenye kigae. Akachukua kigae chake, akavuka mto, akapanda mlima mmoja na mwingine, na kila mlango aliobisha ulifunguliwa na mtu aliyewahi kumnyima. Hakuna aliyemfukuza. Kila mmoja alimwambia, "Keti ule kwanza. Kaa la moto halibebwi na mwenye njaa, mkono utatetemeka." Akala nyumba baada ya nyumba, akilia, mpaka akafika kwake na moto wake, ameshiba hata kupumua ni kazi. Hapo Cucu alitutazama, nasi tukaitikia kwa vichwa kwa adabu zote, kisha tukaenda zetu langoni kuomba.

Siku ninayoikumbuka, Cucu alikuwa amepeleka majani chai kituoni kupimwa, na Igoki alikuwa mtoni kuchota maji. Jua lilikuwa limebakiza kama kiganja kimoja kufika mlimani, na mate yalikuwa yameanza kunijaa. Mara akatokea mzee, gunia tupu begani, vumbi mpaka magotini. Alikuwa ametoka kuuza ndengu sokoni na sasa anashuka kwa miguu kurudi kwao Mbeere, kule chini kwenye joto.

"Kasichana, wenyeji wako?"

"Hawako," nikasema, na hiyo ilikuwa kweli. Ningeishia hapo ningekuwa salama. Lakini mdomo ukaendelea wenyewe. "Na moto umezima."

Mzee akatazama nyuma yangu. Nami nikageuka. Moshi ulikuwa unatoka kwenye paa la jikoni, mweupe, mnene, bila haya yoyote. Akanirudishia macho, akacheka kidogo kwa pua.

"Pole," akasema. "Utawaka."

Akaenda zake. Igoki aliporudi na mtungi nikamsimulia, tukapongezana. Kisha Cucu akafika, na badala ya kuingia akasimama langoni. Juu ya nguzo kulikuwa na konzi ya ukwaju. Ukwaju hauoti kwetu, kuna baridi. Ule ulikuwa mali ya nyanda za chini, na mzee aliuacha pale wakati mimi nimeshampa mgongo nikipima jua.

"Ni nani aliyepita hapa?" Cucu akauliza.

Nikatubu. Hakunichapa, na laiti angenichapa. Alishusha kibuyu kutoka darini akaniwekea mikononi. "Ng'ambo ya mto hakuna nyumba mpaka mbali," akasema. "Mtu anaenda kulala njiani na njaa, na aliyemnyima ni nyumba yangu. Kimbieni mmpate kabla hajavuka. Mimi sitaonja kitu mpaka huyo amekula." Akaketi mbele ya chungu, mikono mapajani. Igoki, ambaye nilipaswa kukimbia naye, alianza kuumwa na tumbo papo hapo.

Nilikimbia na kile kibuyu kifuani huku nikimwona Cucu ameketi vile bila kula, kwa sababu yangu. Sijawahi kuogopa hivyo. Kila kona niliomba, na kwa mara ya kwanza niliomba mgeni asiwe amepita. Nilimkuta darajani, anaosha miguu. Nikamnyooshea kibuyu kwa mikono miwili.

"Moto umewaka?" akauliza.

"Umewaka," nikasema, nikaanza kulia.

Alifunua jani, akaukata mukimo katikati kwa kidole gumba, akanirudishia nusu. "Keti ule. Mimi sijazoea kula peke yangu." Nikala nikilia, nikijua kabisa niko ndani ya hadithi ya nani. Na ulikuwa mtamu, hiyo ndiyo aibu yenyewe. Kisha akanisindikiza mpaka nyumbani maana giza lilikuwa linaingia, na Cucu akamkatalia katakata kushuka tena. Alilala kwetu. Asubuhi ukwaju uligawanywa, na Igoki hakupata, kwa sababu ya tumbo lake.

Siku hizi naishi Meru mjini, ndani ya lango la chuma ambalo hata mimi hulibishia nikisahau ufunguo. Mgeni akija bila kupiga simu, watoto hujificha vyumbani kama wanadaiwa. Majuzi, mvua ikinyesha, kijana wa boda boda alimletea binti yangu kuku wa kukaanga, na jikoni kuna mukimo. Nikamwambia aingie ale kwanza. Akaniangalia kama mtu anayetafuta mtego uko wapi. "Asante mathe, niko na oda ingine." Akawasha pikipiki. Binti yangu akauliza, "Mum, kwani unamjua?" Nikamwambia simjui, ndiyo sababu. Hakunielewa, na simlaumu, amezaliwa ndani ya lango.

Fungu bado naliweka. Halikai tena darini, linakaa kwenye friji, na kesho yake tunalila sisi wenyewe. Jioni nikiketi nje huwa naikumbuka ile sala ya juu ya jiwe, mimi na Igoki, macho tumeyafumba kwa bidii. Nilidhani Mungu aliipuuza kwa kuwa ilikuwa ya kitoto. Kumbe alisikia kila neno. Wageni wote amewapitisha njia ile nyingine, na mimi na mvi zangu sijui nimwombe vipi awarudishe.