Katuni Niliyoicheka Kingsbury

Msinionee huruma, maana aibu hii niliifuata kwa miguu yangu mwenyewe. Nilikwenda Kingsbury, hapa hapa Landani, kwa Bwana Kantilal, Mhindi mzaliwa wa Mombasa, kumwomba anipangishe duka lake niuze vitambaa. Sebuleni nikaona katuni ya gazeti la India imetiwa fremu: waziri mwenye pua kama biringani amekalia gunia la mchele, na wenye njaa wanampepea.

Mimi, hodari wa kujipendekeza, nikaamua pale pale kwamba mwenye nyumba anamchukia mtu huyo. Kwetu mkubwa akichorwa hivyo, gazeti hufungiwa; nani atundike tusi lake mwenyewe ukutani? Basi nikaanza.

"Mtazame fisadi huyu! Tumbo kama pipa, na pua utadhani imevimba kwa kunusa pesa za watu!"

"Endelea, mama," Kantilal akasema kwa upole.

Nami mpumbavu nikaendelea. Nikaiga hata anavyokaa, mashavu nimeyajaza upepo.

Mlango ukafunguka. Akaingia mzee, tumbo likimtangulia, na biringani lile lile katikati ya uso.

"Baba mkwe wangu," Kantilal akasema. "Alikuwa waziri huko India. Siku katuni ilipotoka, alimpigia mchoraji simu yeye mwenyewe kuiomba. Kule wakubwa huona fahari kuchorwa."

Mashavu yangu yalikuwa bado yamejaa. Mzee akauliza jambo kwa Kigujarati.

"Anauliza mgeni anamwiga nani," Kantilal akasema. "Nimwambie?"